Jike Aliyelia Akishikwa Sikio

Baba mkwe alikuja kunitangazia: nyani wakila kitoto kingine cha mbuzi, mbuzi wote wanahamishwa kwa shemeji yangu kule Malili. Mbuzi wangu! Niliowanunua kwa ndengu nilizolima kwa mgongo wangu hapa Ikutha. Nilikasirika mpaka mahindi ya muthokoi yakaungulia jikoni.

Kosa lilikuwa langu, nakubali. Huku kwetu mtoto wa mbwa wa kulinda mbuzi huchaguliwa kwa kuinuliwa sikio. Akilia, ni mwoga, tupa. Akinyamaza, huyo ndiye dume la vita. Nilichukua dume aliyenyamaza. Aka! Nyani mmoja akijitokeza tu, shujaa wangu alimfukuza hadi ng'ambo ya korongo, na huku nyuma wenzake wakajichagulia vitoto kama wako sokoni. Akarudi akitikisa mkia, eti asifiwe.

Basi nikarudi kwa jirani yule yule aliyenipa dume. Mbwa wake alikuwa amezaa tena, nikamwomba jike aliyelia kabla hata sikio halijashikwa vizuri. Alikuwa anaenda kutupwa, maana majike huku hayatakiwi. Nikamlaza zizini, akanywa maziwa ya mbuzi, akakua katikati ya vitoto. Baba mkwe alipita akacheka.

"Mama, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Huyo si mbwa, ni mbuzi mwenye makucha."

"Sawa, Baba," nikajibu kwa heshima. Ya moyoni nikabaki nayo.

Kiangazi kilipokaza, nyani walirudi, mchana kweupe. Dume lao kubwa likatangulia, likarukaruka mbali kidogo likitaka kufukuzwa. Jike wangu hakutoka. Alilia, jamani, alilia kama anayechinjwa, na vitoto vyote vikakimbilia kwake. Nyani akisogea, anaona meno. Akirudi nyuma, hafuatwi. Nilipofika mbio na jembe mkononi, walikuwa wanaondoka mikono mitupu. Nilipiga vigelegele peke yangu pale malishoni, sioni haya.

Alipozaa, sikuinua sikio la yeyote. Niliwaweka wote zizini. Wanaokimbiza mbuzi nikawagawa, wanaokaa na mbuzi nikabaki nao, na jike mmoja kati yao nikamtafutia dume mtulivu vilevile. Wanasema mbwa wa kwanza kabisa alikuwa mnyama wa mwituni. Mimi naamini mtu fulani, pengine mwanamke mwenye hasira kama zangu, alimwona mmoja asiyeng'ata watoto akasema: huyu abaki, na uzao wake ubaki. Mbwa wangu nimewatengeneza hivyo hivyo, na hakuna aliyenifundisha.

Huu mwaka wa tatu, nyani hawajaonja kitoto changu hata kimoja. Wiki jana nilisikia hodi nje ya ua. Alikuwa baba mkwe, amekuja na mbuzi wake wote. Alikohoa, akatazama chini.

"Mama, nyani wamenimaliza. Hawa waliobaki, walale na wako."

Nikamfungulia zizi.