Afande wa Nkoma

Kodi za katikati ya mji wa Mbale zilinishinda, nikapanga chumba mtaa wa Nkoma. Siku ya kwanza niliwasalimu majirani kwa Kiswahili, lugha niliyolelewa nayo. Basi, nimekwisha! Huku wengi wanakijua kama lugha ya jeshi, wakaniita afande. Nikipita uani, redio inapunguzwa na mazungumzo yanakatika. Niliapa kwamba mimi ni fundi wa friji tu. Wakainamisha vichwa: "Sawa, afande." Hakuna aliyewahi kunigongea mlango, hata kuomba chumvi.

Jumapili moja mchana wezi waliingia uani, wakaanua nguo za kila mpangaji. Shati langu tu lilibaki, likipepea mbele ya mlango wangu. Nililianua huku majirani wakinitazama. Hata wezi, jamani, walikuwa wameniheshimu.