Chakula Laini

Karatasi niliyorudi nayo kutoka hospitali ya Dar es Salaam ilikuwa ya Kiingereza, na nyumbani kwetu Rumonge hakuna anayesoma Kiingereza. Mimi nasoma Kirundi, Kiswahili na Kifaransa cha shule. Mume wangu, ambaye hununua samaki Magara na kuwauza sokoni kwetu, anasoma namba tu. Mama anasoma Kurani. Kwa hiyo siku ya pili baada ya kufika, mume wangu aliikunja ile karatasi akaipeleka kwa mwalimu wa Kiingereza wa shule ya jirani. Mwalimu alikuwa na haraka ya kurudi darasani. Akaandika kwa kalamu nyekundu, nyuma ya karatasi, mistari minne: Wiki mbili za kwanza, vitu vya maji. Wiki ya tatu na ya nne, chakula laini. Usinywe unapokula. Sukari hapana.

Mistari minne, na upande wa pili ulikuwa umejaa kutoka juu mpaka chini. Hatukuuliza yaliyobaki yalikuwa yanasema nini.

Nilikuwa nimekatwa tumbo ili nipungue. Nilikuwa nimefika mahali ambapo siwezi kuinama kufunga kiatu, ugonjwa wa sukari umeshanikamata, magoti yamekataa, na nikikaa kwenye cherehani nahema kama mtu aliyepanda milima ya Bugarama na mzigo kichwani. Kaka yangu mkubwa anaishi Ulaya. Ni yeye aliyetafuta hospitali, akapanga kila kitu, akaja mwenyewe Dar kunishika mkono mpaka mlango wa chumba cha kupasulia. Daktari alinionyesha tumbo langu litakavyobaki: jembamba kama ndizi. Nilicheka. Nilidhani sehemu ngumu ni kisu.

Mama alikuwa anaishi nasi tangu ziwa lilipopanda na kuingia nyumbani kwake. Jiko lilikuwa lake. Wiki ya tatu ilipofika, alimwomba mume wangu amtajie tena mistari ile, naye akaisema kwa kichwa kama alivyoambiwa na mwalimu.

"Chakula laini," mama akarudia. "Basi iko kitu gani laini kushinda bugali?"

Akasonga bugali ya muhogo mpaka ikang'aa. Akapika samaki mmoja, mukeke, kwa mawese kidogo, akautoa miiba kwa vidole vyake, akaniketisha mkekani. Nilikuwa sijatafuna kitu zaidi ya wiki mbili. Ile harufu ilinitoa machozi. Nikakata tonge dogo, nikachovya, nikameza. La pili. La tatu likasimama hapa, chini ya kifua, kama ngumi ya mtu. Mate yakajaa mdomoni, mgongo ukaniuma, nikakimbilia uani. Nilitapika mpaka yakatoka maji ya njano, na mama amesimama nyuma yangu ameshika sahani.

"Umekula haraka," akasema.

Tangu siku ile njia haikufunguka tena vizuri. Uji unapita asubuhi, mchana unarudi. Supu inapita, jioni inarudi. Kaka alipopiga simu nikamwambia natapika kidogo. Akakasirika kwa sauti ya upole, kama anavyokasirika siku zote.

"Dada, bugali hapana kabisa. Protini kwanza. Mayai, samaki, nyama ya kusaga. Nitakuingiza kwenye kundi, kuna watu wamepitia huko huko."

Lilikuwa kundi la simu la watu waliokatwa matumbo, Warundi na Wakongo walio nje. Niliwasoma mchana kutwa nimelala kitandani. Mmoja alisema tunda ni sumu, lina sukari. Mwingine alisema alipona kwa ndizi mbivu na parachichi. Mmoja alisema yai kila asubuhi, mwingine akasema yai lilimpeleka hospitali. Kunywa maji nusu saa kabla. Hapana, saa nzima. Kula mara sita. Hapana, mara tatu, ukila mara sita utanenepa tena. Kuna unga wa protini wa kopo wenye ladha ya vanila, nunua huo. Rumonge nikaununue wapi? Nilimfuata kila mmoja siku mbili. Yai likarudi. Ndizi ikarudi. Parachichi lilikaa mpaka adhuhuri, nikamshukuru Mungu, halafu nalo likarudi.

Sasa niseme jambo ninaloona haya kulisema. Nilianza kudanganya. Mama akileta uji, nakunywa vijiko viwili mbele yake, unaobaki naumwaga nyuma ya kisima, nasema nimemaliza. Kaka akiniuliza, "Umekula yai?" nasema nimekula, limekaa vizuri. Mume wangu akirudi Magara akanikuta nimelala, namwambia ni dawa zinaleta usingizi. Nilichoka kuona nyuso zao zikianguka. Kila nikisema nimetapika, kila mtu alikuwa na shauri jipya, na kila shauri lilikuwa na mwenyewe aliyengoja nimwambie kwamba limefaa. Nikaona heri niwape wanachotaka.

Majirani walikuja kuniangalia. Walisifu kwanza: umekuwa msichana! Baadaye wakaacha kusifu. Nilisikia mmoja anasema uani kwamba huko Dar walinitoa figo. Mama alimfukuza na mwiko mkononi. Alipoingia ndani alikaa chini pembeni ya kitanda changu, akaushika mkono wangu, akaupima kwa vidole viwili, na vidole vikakutana. Akarudi jikoni, nikasikia anatwanga.

Siku moja kaka alipiga, na mume wangu akaweka simu juu ya kifua changu, sauti ya wote kusikia, maana mikono yangu ilikuwa inachoka kuishika.

"Mama," kaka akasema, "unamuua na mihogo yako."

Mama alikuwa mlangoni. "Mimi namuua? Wewe ulimupeleka akatwe tumbo yenye Mungu alimupa, halafu mimi ndiye namuua?"

"Nimesema protini. Mayai, mama. Mayai!"

"Mayai anatapika! Uko wapi wewe umuone anavyotapika?"

"Mwenyewe ananiambia anakula vizuri."

Mama akanigeukia. Mume wangu naye akanitazama. Nilifumba macho. Simu ilikuwa inapumua juu ya kifua changu, na mimi nilitamani kitanda kipasuke kinimeze. Mama akaja akaibonyeza ikazimika. Tangu pale yeye na kaka hawakusemezana tena.

Kuanzia hapo mama aliketi mbele yangu mpaka nimeze, na nilipotapika alilia. Ilikuwa mbaya kuliko uongo. Nilimwomba Mungu anichukue, na nilimwomba bila mapambo, kama mtu anayeomba maji. Nilikuwa na miaka arobaini na moja, nina watoto watatu waliokuwa wanapita mlangoni kwa ncha za vidole, na sikuwa na hamu ya kuwaona wakikua. Nilitaka tu mtu mmoja aseme, usile kitu, pumzika.

Katika wiki ya saba niliamka nikaenda chooni, na nilipotazama chini nikaona nina ndara moja. Ya pili ilikuwa imebaki katikati ya ua, na mguu haukuniambia. Nikaubana kwa kucha. Kama naubana mguu wa mtu mwingine. Siku mbili baadaye niliona cherehani mbili chumbani, na madirisha mawili. Nikasimama nizitenganishe, nikaanguka.

Mume wangu alinibeba mpaka kilinike moja ndogo karibu na soko. Siku zile hata yeye aliweza kunibeba. Mama akafuata na kanga ya kunifunika. Muuguzi mmoja aliniona tu, akasema huyu amekauka, akaenda kutundika serumu, dripu ya glukozi. Mume wangu alikuwa amempigia kaka, na kaka akasikia.

"Sukari hapana!" akapiga kelele ndani ya simu. "Imeandikwa kwenye karatasi, sukari hapana!"

"Mutundikie!" mama akalia. "Mutoto anakufa, mutundikie!"

Mume wangu alikuwa katikati, simu mkononi, anamtazama mmoja na kumsikiliza mwingine. Nilimwona wawili, na wote wawili walikuwa wanalia.

Hapo akatoka chumba cha nyuma muuguzi mwingine, mama wa makamo, mfupi, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye kambi za wakimbizi Tanzania kabla ya kurudi nyumbani. Akachukua simu mkononi mwa mume wangu, akaizima, akamrudishia. Akamwambia mwenzake angoje. Kisha akavuta kiti akakaa usawa wa uso wangu.

"Amahoro, dada. Unatapika tangu lini?"

Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniuliza bila kunipa shauri kabla ya jibu.

"Tangu wiki ya tatu."

"Mara ngapi?"

Nikamtazama mama. "Kila siku. Hata maji."

"Na hawa wanajua?"

"Niliwadanganya."

Hakunilaumu. Akainua kidole, akaniambia nikifuate kwa macho, na macho yangu yakaruka-ruka. Akagonga goti langu, halikujibu. Akainuka.

"Hii nimeiona kambini," akawaambia mama na mume wangu. "Kina mama waliotapika kwa ajili ya mimba miezi mitatu, na watu waliokula chakula cha aina moja tu. Mwili umeishiwa vitamini B1. Mkimtia sukari kabla ya vitamini, ubongo unaweza kuharibika. Serumu ataipata, lakini baada ya sindano. Na sisi hapa sindano hizo zimekwisha. Baba, nenda famasi zote. Vidonge usilete, atavitapika. Leta za sindano."

Mume wangu alikimbia. Famasi ya kwanza hawakuwa nazo. Ya pili walikuwa na vidonge, akakataa, wakadhani amechanganyikiwa. Ya tatu alipata, akarudi amezikumbatia kwa mikono miwili kama mayai. Yule muuguzi akanichoma kwenye mshipa polepole, huku akihesabu kimoyomoyo, midomo inatikisika. Ndipo akaruhusu serumu, na nyingine ya vitamini nyuma yake.

"Sasa Bujumbura," akasema. "Leo leo. Kuna kitu kimeziba, na mimi sina cha kuona ndani."

Esansi ya magari ilikuwa haipatikani wiki nzima ile. Mume wangu alimpata mwenye gari ya kubebea samaki, mtu wa Magara aliyekuwa ameficha dumu moja kwa safari yake mwenyewe, akampigia magoti barabarani. Nililala kwenye godoro nyuma, kichwa mapajani mwa mama, harufu ya ndagala kila mahali. Tulipopita Kabezi nilifumbua macho nikaona Tanganyika mbili, moja juu ya nyingine. Mama alikuwa anasoma dua, na katikati ya dua anasema, "Ni bugali yangu. Ni bugali yangu."

Bujumbura waliniingiza mpira wenye taa kooni. Njia ilikuwa imebana katikati ya tumbo, mahali kovu lilipovuta. Waliipanua mara mbili, siku tofauti. Daktari alituambia kwamba kubana kule kulikuwa kumeanza kabla ya tonge lolote, bugali ilionyesha tu. Nilimwomba alirudie mbele ya mama. Akalirudia kwa Kirundi, taratibu. Mama akatikisa kichwa, akashukuru, "Murakoze," na nikaona kwamba hakuamini. Hata leo haamini.

Daktari huyo alisoma karatasi yangu yote. Iliandikwa mle, mstari wa tatu kutoka chini: ukitapika zaidi ya siku mbili mfululizo, piga namba hii. Iliandikwa pia vitamini za kumeza kila siku, na "laini" ilimaanisha kilichosagwa kikawa kama uji mzito. Nikamwuliza kuhusu kundi, nani alikuwa mwongo. Akasema huenda hakuna mwongo. Wengine wamekatwa kwa namna nyingine kabisa, utumbo umeunganishwa upya. Wengine wako mwaka wa pili. Kila mmoja alisema kilichofaa tumbo lake, na hakuna aliyeniuliza langu limekatwaje. Wala mimi sikuwauliza wao.

Macho yalirudi siku ya tatu. Nilijua kwa sababu mume wangu alikuwa mmoja. Miguu haijarudi yote. Ni mwaka na miezi sasa, na ninatembea nikitazama chini, natumia fimbo barabara ikiwa na mawe, na usiku inawaka moto nyayoni. Kukanyaga cherehani siwezi. Nakata vitambaa, mwanamke mwingine anashona. Nakula. Samaki aliyepondwa, maharagwe yaliyochujwa, mboga ya lengalenga, vijiko vichache kwa wakati. Lakini sijawahi kukaa mbele ya sahani bila kuogopa. Kijiko cha kwanza kikishuka nangoja, mkono kifuani, na nyumba nzima inangoja nami huku wanajifanya wanaongea.

Kundi nilitoka. Kaka alikubali bila kubishana. Alilia kwenye simu, mtu mzima, akaniomba msamaha, nami nikamwomba wake kwa uongo wangu. Lakini kwa mama hakujua aanzie wapi, na mama alikuwa akisikia sauti yake anatoka nje kuchambua mchele. Miezi mingi nilikuwa natuma salamu zao, huku na huku, mpaka nikachoka.

Ijumaa moja baada ya swala kaka alipiga. Sikumwuliza mtu. Nilitembea na fimbo yangu mpaka jikoni, nikamwekea mama simu sikioni. Akataka kuisukuma, halafu akaiacha. Kaka hakuwa anajua ni nani anasikiliza. Alikuwa anaendelea kueleza habari za baridi ya huko. Mama akasikiliza muda mrefu. Mwisho akasema:

"Na wewe, umekula?"

Nikasikia kaka anavuta pumzi.

"Bado, mama."

"Saa hizi bado?" mama akasema, akaichukua simu mkononi mwangu, akaanza kumweleza apike nini.