Asubuhi Tuliyopita Bila Mukebe

Kamba ya mukebe niliikata mimi, kwa wembe wa kuchongea kalamu, huku nikicheka peke yangu. Ulikuwa mukebe wa maziwa ya unga, wenye kokoto ndani. Maman, mama yangu, ndiye aliyeufunga chini ya kiti cha baiskeli ya umeme, ikawa inapiga kelele kama harusi ya maskini.

Baiskeli hiyo iliachwa na wageni waliokimbia mji wa Bukavu ulipochukuliwa na waasi. Waliiacha kwenye kituo cha afya upande wa Mumosho, ambako Maman ni mkunga. Barabara kubwa ilijaa vizuizi vya askari, kwa hiyo alienda kazini kwa kijia cha mlimani, kilekile cha wanafunzi, mbuzi na wamama wa makala, yaani makaa ya kupikia. Mimi niliendesha, yeye alikaa nyuma na mkoba wake. Shule yangu ilikuwa ya mchana.

Ubaya wa baiskeli ya umeme ni kwamba haina sauti. Na kwenye kijia kile, tangu vita, hakuna mtu aliyetembea kimya. Watu walikohoa, waliimba nyimbo za misa, waliburuza kandambili. Aliyekuja bila sauti alikuwa na bunduki. Mukebe ulikuwa wa hilo, watu wasikie kwamba ni sisi. Nililijua vizuri, ila nilitaka kuwaona wamama wa makala wakiruka. Niliona itakuwa comique, kichekesho kitupu.

Ukungu ulikuwa mzito asubuhi ile. Tuliteremka kati ya mikaratusi kama tunabebwa.

“Mukebe iko wapi?” Maman aliuliza.

“Inalala, Maman.”

Kabla kofi halijanifikia mgongoni, tulitokea mahali wabebaji wanapopumzika. Hakukuwa na mtu. Magunia ya makala yalisimama katikati ya njia. Kandambili moja ilikuwa imepinduka. Kikapu cha ndizi kilikuwa bado kinayumba. Nilicheka, na kicheko kikasikika vibaya, nikakimeza.

Juu ya gunia moja alilala mtoto mchanga, macho wazi, akitutazama. Bila shaka mama yake alimweka pale ili afunge kitenge upya.

Maman aliita kwa Kiswahili, kisha kwa Kishi, lugha ya pale: “Ni mimi, mukunga wa ku maternité. Mutoke.”

Hata jani halikutikisika. Watu wa kijia kile walishawahi kuitwa na sauti nzuri, wakatoka.

“Tumubebe tuende naye,” nilisema. Sikutaka kubaki pale.

“Kisha mama yake akute nini? Gunia?”

Alimwinua mtoto, akamfinya paja. Mtoto alimwangalia tu. Akamfinya tena. Mara ya tatu mtoto akalia, na majani yakafunguka.

Walisimama pande zote mbili, kama watu kumi hivi, wamelowa umande, karibu kiasi cha kutugusa. Walikuwa wanatuona muda wote. Kitu nilichodhani ni mzizi, kando ya gurudumu langu, kilikuwa mguu wa muzee mmoja. Mama wa mtoto alimpokea, na kabla ya kumpa ziwa alimziba mdomo kwa kiganja.

“Kijana,” mwanamke mmoja aliniuliza akigusa usukani wa baiskeli, “leo kinga yako ilikula nini? Inanyamaza sana.”

Hakuna aliyecheka, hata mimi, ambaye kwa kawaida hucheka hadi kwenye mazishi.

Muzee aliuvuta mguu wake, akamwambia Maman, “Sisi tunakimbia tu. Siku ingine utakuta wale wenye kupiga risasi. Ufundishe mutoto wako.”

“Nimesikia, papa.”

Tulienda kwa miguu tukiisukuma baiskeli mpaka kituoni, mimi nikikohoa kila hatua kama mgonjwa wa kifua. Nilingoja kofi langu. Halikuja. Mlangoni Maman alivaa blouse yake nyeupe ya kazi, akafunga vifungo vyote, akasema:

“Ule mutoto, nilimufinya mara tatu ndiyo alilia. Wewe, ku miezi kama yake, ulikuwa unalia hata kuku ikipita.”