Kijiko Kizima

Katika kijiji cha ujamaa kule Bukiriro, ukitaka kuchekwa ungesema Restuta amekupunja. Mjane huyu ndiye aliyepima chumvi na sukari katika duka la kijiji, na kila alipojaza kibaba alipitisha kidole juu yake, kilichozidi kikarudi guniani. Katibu wa chama alipata kile kile alichopata mlevi. Wengi hawakumpenda kwa ukali wake, lakini walimwamini, na yeye hakuwa na kingine cha kujivunia duniani.

Vita ya Kagera ilipokuja, duka likabaki la panya. Magari yalichukuliwa kubeba askari, mganga naye akaenda na jeshi, zahanati ikatiwa kufuli. Ndipo kikohozi kikaingia kwa watoto, kikavu, cha kuwatapisha. Balozi wa nyumba kumi, Pancras, akatoa wazo ambalo wote walilisifu: kila nyumba itoe kibaba cha maharage, yeye avuke nayo mpaka Burundi akayabadilishe kwa dawa. Akarudi na chupa moja kubwa yenye maandishi ya Kifaransa, ambayo hakuna aliyeyajua. Muuzaji alimwambia mtu anywe kijiko kimoja tu, kikohozi kitatulia. Pancras hakuuliza mtu wa umri gani. Mtu ni mtu, si ndiyo siasa tuliyofundishwa?

Kugawa akapewa Restuta, angepewa nani mwingine? Watoto wakapanga foleni uani kwa balozi. Wa miaka kumi, kijiko. Wa miaka sita, kijiko. Akafika Clotilda amempakata Ansbert, mtoto ambaye hata kukaa hajaanza. Baba yake, Gervasi, alikuwa mstari wa mbele na mgambo wenzake.

Restuta alimtazama mtoto, mkono ukasita. Akamimina nusu.

"Mama, mbona nusu?" Clotilda akauliza.

"Mwanangu, huyu ni mdogo mno. Hata hiyo nusu naiogopa."

"Na kibaba changu cha maharage kilikuwa nusu? Baba yake yuko huko anawapigania ninyi nyote, halafu mtoto wake ndiye wa kupunjwa!"

Foleni ikaanza kunung'unika. Pancras akakunja uso. "Mama Restuta, usituletee ubaguzi hapa. Nyumba zote zimetoa sawa. Jaza."

Neno kupunja halikuwahi kutajwa mbele yake, nalo lilimchoma. Laiti angekasirika akaivunja ile chupa! Wangemtukana wiki nzima, basi, yangekwisha. Lakini alishikwa na aibu, aibu ya kipumbavu ya mtu anayelinda jina. Akajaza kijiko mpaka ukingoni. Clotilda akambana mtoto pua ili ameze, asiteme hata tone.

Haikufika saa sita mchana, Ansbert akaacha kukohoa. Clotilda akapita kwa majirani akishukuru: mtoto amelala, jamani, mnakumbuka lini alilala hivi? Restuta alipopata habari akashusha pumzi. Alasiri Clotilda akataka kumnyonyesha, mtoto hakufungua mdomo. Pumzi zilikuja moja moja, kila moja ikichelewa kuliko iliyotangulia, na kabla jua halijatua zikakoma. Watoto wakubwa walisinzia tu, kisha wakaamka wakidai ugali.

Mazikoni alikuja mganga mmoja mstaafu wa kutoka Bugarama, aliyewahi kupita seminari akaokota Kifaransa kidogo. Akaomba chupa, akayasoma maandishi yale kwa taabu. Hii ni ya watu wazima, alisema. Ndani yake mna kitu cha jamii ya kasumba. Hutuliza kikohozi kwa kulevya, na mtoto mchanga humlevya mpaka asahau kupumua. Wa umri ule hapewi dawa ya kikohozi kabisa, si kijiko, si nusu. Anyonyeshwe, na akihema mbio akimbizwe kwa mganga. Mganga yupi, hakusema. Labda yule aliyekuwa anaelekea Uganda.

Si nusu. Restuta alirudi nyumbani na maneno hayo, akangoja watu waje kumlaani. Hakuja mtu. Pancras alisema ni kazi ya Mungu. Wengine walisema mganga anajifanya anajua. Na kwenye mkutano wa kijiji, aliposimama kukirudisha kibaba cha duka ili asipime tena, walimkatalia kwa kauli moja: ulipima haki, mama, sote tuliona. Akakaa chini nacho mapajani. Hakuna tusi ambalo lingemuumiza hivyo.

Vita ikaisha, mgambo wakarudi. Gervasi alikuja kwa Restuta na sare yake mwilini, mkewe nyuma yake, na majirani wachache waliofuata kumwona shujaa. Restuta akatoka nje. Alijua sasa atapata mtu wa kumtukana, na moyoni alikuwa anamhitaji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole."

"Nimeambiwa kikohozi kilimshinda. Nimekuja kukuuliza wewe, kwa sababu wewe hudanganyi. Mwanangu alipata dawa kama wenzake, au alipunjwa kwa kuwa mimi sikuwepo?"

Restuta akamtazama Clotilda. Clotilda alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya kanga, machoni anamsihi.

"Alipata kijiko kizima," akasema Restuta.

"Nani alimpimia?"

"Mimi."

Gervasi akaushika ule mkono wake wa kulia kwa mikono yake miwili, akamshukuru mbele ya watu wote.