Nilivyokula Ugonjwa

Leo jirani anapaka mlango wake rangi ya mafuta, na mimi mdomo unanijaa mate.

Kule Kisangani, tonton, mjomba wangu, alikuwa mchoraji wa vibao. Nilipougua matubwitubwi, alinichora kwenye kibao cha tangazo cha mganga wa mtaani: upande mmoja naumwa, upande mwingine nimepona. Mashavu yakanywea kabla hajamaliza upande wa ugonjwa. Basi akamega kwanga, ule muhogo unaofungwa kwa majani, akanitia donge kila shavu.

"Usitingizike, mama," akanibembeleza.

Mama mwenyewe alikaa pembeni na kikwembe chake, kitenge cha sare ya chama, uso umemkunjamana. Tangu homa ishuke nilikuwa nakataa kila chakula.

Kwanga ikalainika. Nikatafuna kidogo, nikameza.

"Yaya!" tonton akamwita dada yake. "Mutoto alikula ugonjwa!"

Mama akanipanua mdomo, akaukuta mtupu, akapiga vigelegele. "Bon, mupatie ingine! Muchore hivi hivi anakula!"

Tonton akanichora nimepona, mashavu yamefura kwa kwanga. Mganga alipokuja kuchukua kibao alikitazama sana, kisha akauliza mgonjwa ni yupi.