Baa ya Gaspari na Koti la Simoni

Nimewahi kuona baa ikifa kabla haijauza hata bia moja, mchana kweupe, maikrofoni ninayo mkononi.

Ilikuwa Ikungi, enzi za ruksa, kila mtu anafungua biashara.

Gaspari, muuza mafuta ya alizeti, alikuwa anakitolea macho kiwanja cha wazi karibu na stendi. Kila akiomba kujenga baa, wazee wanamkatalia.

Jamaa akabadili gia. Akasema anajenga mnara wa mashujaa, kwa gharama zake. Nani angekataa mashujaa?

Mnara ukasimama. Mwanajeshi wa saruji, kitambi kama cha Gaspari mwenyewe. Chini wameandika: "Kwa askari waliokomboa mji wetu."

Mji upi, jamani? Vita vilipiganwa Kagera. Ikungi adui hakufika hata kununua kuku.

Nyuma ya mnara kikasimama kibanda kikubwa, eti cha wageni kupumzikia. Kreti za bia zilishapangwa ndani.

Siku ya uzinduzi mimi ndiye nilikuwa MC. Gaspari akahutubia, suti imembana.

"Kina mama, vijana wenu hawajapotea. Hapa ndipo nyumbani kwao. Hapa ndipo walipolala."

Makofi. Nikaongeza muziki.

Mama Marietha hakupiga makofi. Mwanawe Simoni alikwenda vitani, mwili haukurudi. Miaka yote hiyo mama wa watu hana hata kaburi la kufagia.

Akaondoka. Tukadhani ni jua. Soda zinagawiwa, akarudi na shemeji zake, jembe, na koti la Simoni.

Kwetu, asiyepatikana huzikwa nguo yake. Na hilo ni kaburi kamili.

"Shikamoo mama," Gaspari akaamkia, anatabasamia kamera. "Jembe la nini tena?"

"Marahaba, mwanangu. Umesema hapa ndipo alipolala. Nimekuja kumfunika."

Gaspari akanitazama kama vile mimi ndiye niliyemwandikia hotuba. Angesema nini, mbele ya wageni wote wale?

Shemeji wakachimba chini ya mnara, koti likashushwa, wazee wakavua kofia. Mchungaji na shehe, walioitwa kubariki saruji, wakaombea marehemu. Mama alipoangua kilio nilizima muziki. Mimi ni mtu wa masihara, lakini siku ile nililia.

Wiki ile kina mama wengine wakaja, huyu na shati, yule na kofia.

Baa ikafunguliwa hivyo hivyo. Hata walevi waliokubuhu walipita wakiwa wameinamisha vichwa. Nani atafune mishikaki makaburini?

Gaspari akaenda kwa Mama Marietha na doti ya kitenge, akapiga magoti.

"Mama, tumhamishe Simoni. Nitamjengea pazuri zaidi."

Mama akamshika mkono, machozi yanamtoka.

"Mwanangu, wewe ndiye uliyempa mwenzio mahali pa kulala. Sasa ni ndugu yake. Jumamosi tunaanua matanga, watu watakula kwako."

Na walikula. Kwenye kibanda kile kile, Gaspari mwenyewe akinawisha watu mikono.

Ndugu zangu, ukitaka kiwanja, danganya kwa vyote, ila marehemu wa watu waache. Kuna mama atakuamini.