Kikohozi cha Seremala

Seremala alikuwa na kikohozi cha vumbi la msasa tangu ujana, na majirani walimtania kwamba husikika kabla hajaonekana. Mwaka ule wa karantini kikohozi hicho kilimkosesha usingizi. Mashua ya tanga aliyoiunda mwenyewe uani ilikuwa tayari, visiwa vilikuwa vimefunguliwa kwa masharti, na binti yake aliyeolewa huko alikuwa amejifungua. Ila gatini walisimama watu wa afya, na kila aliyekohoa alipelekwa kutengwa.

Basi kila jioni yeye na mkewe walifanya mazoezi ya ukaguzi huo sebuleni. Mkewe alivaa barakoa, akamwelekezea rimoti ya televisheni kwenye paji la uso kana kwamba ni kipimajoto.

"Unakwenda wapi, mzee?"

"Kumwona mjukuu wangu." Koo likamwasha, machozi yakamlengalenga, akameza mate. Hakukohoa.

"Umepita, baba watoto," mkewe akasema huku akicheka. "Kesho tunang'oa nanga."

Seremala akashusha pumzi. Ndipo nyuma ya ile barakoa mkewe akakohoa, kikohozi kikavu. Wakatazamana. Mama watoto hakuwahi kushika msasa maishani mwake.